Kuandaa Gari kwa Ukaguzi: Jinsi ya Kulifanya Likamilishe Vipimo Vyake Lenyewe

Taa ya injini ikiwaka wiki ya ukaguzi, wengi hukimbilia mtu mwenye mashine. Anachomeka chini ya usukani, anabonyeza, taa inazimika, unamlipa, unaondoka. Kesho yake gari linaingia foleni ya ukaguzi likiwa na ugonjwa uleule, na mara nyingi taa inarudi hata kabla ya kufika langoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye gari la petroli lililotoka Japani, iwe Probox, Fielder, Note, Demio au Wish, anayeishi Nakuru, Kisumu, Kakamega au popote upande huu wa Bonde la Ufa na magharibi. Mwenye dizeli nitamfikia baadaye, kwa ufupi.

Kufuta misimbo, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi, hakutengenezi chochote. Na kompyuta ya gari inajua kwamba imefutwa, wala haisahau mpaka gari liendeshwe vya kutosha.

Kompyuta inapima nini

Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, ambao gari hujipima lenyewe, kwa magari madogo yote kuanzia modeli za 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na Japani ikatengeneza wake. Ndiyo maana chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi yenye pini 16. Nyuma ya soketi hiyo kuna kompyuta inayokagua kila kifaa kinachozuia gesi chafu zisitoke.

Baadhi ya vipimo huendelea muda wote injini ikinguruma: kama injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuunguza mafuta yake, kama mchanganyiko wa hewa na mafuta uko sawa, kama sensa na nyaya zake zinaleta umeme unaotakiwa. Vingine husubiri hali maalumu. Hivi ndivyo vinavyosumbua: sensa za oksijeni, hita za sensa hizo, katalisti inayosafisha moshi ndani ya ekzosi, vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na mfumo unaonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tanki. Kila kipimo kikimalizika, kompyuta hukiwekea alama kwamba kimekamilika. Ukifuta misimbo, alama zote hurudi mwanzo. Kwa magari mengi, hata kuchomoa betri huleta matokeo hayohayo.

Kwenye majimbo ya Marekani yanayokagua kwa kusoma kompyuta, kanuni ya kawaida ni kwamba gari la mwaka 2001 au la baadaye linaruhusiwa kipimo kimoja tu ambacho hakijakamilika, na la 1996 hadi 2000 linaruhusiwa viwili. Likizidisha hapo, linarudishwa nyumbani likaendeshwe. Hapa kwetu mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, hulikagua gari lenyewe: breki, taa, usukani, matairi, moshi. Lakini vipimo vilivyokamilika bila msimbo wowote ndio ushahidi bora unaoweza kuupata ukiwa nyumbani kwamba ekzosi yako inatoa hewa inayokubalika. Anayenunua gari la mkono wa pili naye anufaike hapa: gari ambalo muuzaji anasema halina tatizo, huku vipimo vyote vikiwa havijakamilika, limefutwa taa au limechomolewa betri siku si nyingi zilizopita. Muulize kwa nini.

Anza wiki moja kabla, na anza kwa kusoma

Nunua au azima skana ndogo ya Bluetooth inayounganishwa na simu. Iko kwenye maduka mengi ya vipuri, na kwa kazi hii haina haja ya kuwa ya bei kubwa. Washa swichi, fungua programu kwenye simu, na usibonyeze kitufe cha kufuta. Tafuta kwanza misimbo iliyothibitishwa, kisha misimbo inayosubiri. Ya pili ndiyo watu huisahau. Kasoro nyingi huhitaji kuonekana safari mbili mfululizo ndipo taa iwake, kwa hiyo msimbo unaosubiri ni kasoro iliyoonekana mara moja ambayo bado haijawasha taa. Piga picha ya ukurasa huo. Fundi atakayefuta kabla ya kuandika ameharibu ushahidi wako.

Halafu fungua ukurasa wa utayari wa vipimo. Mbele ya kila kipimo kuna hali moja kati ya tatu: kimekamilika, hakijakamilika, au gari hili halina kipimo hicho. Usishtuke ukikuta kipimo cha mvuke wa petroli hakipo kabisa. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana, na kisichokuwepo hakihesabiwi.

Kama kuna msimbo, tengeneza kwanza. Hakuna uendeshaji utakaolikamilisha gari lenye kasoro, kwa sababu vipimo hutegemeana: hita ya sensa ya oksijeni ikiwa imekufa, kompyuta husitisha kipimo cha sensa yenyewe, na katalisti hupimwa kwa kutumia sensa hizohizo. Waya mmoja uliokatika unaweza kuzuia vipimo vitatu. Na taa ikiwa inawaka na kuzima kwa kupepesa, simamisha gari. Injini inamisi vibaya, petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye katalisti na kuiunguza. Hapo kagua plagi na koili kabla ya kufikiria ukaguzi.

Thamostati, adui mkubwa wa vipimo huku kwetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika gereji zetu hili ndilo linalokwamisha magari mengi kuliko jambo lingine lolote ninalolijua.

Gari likichemka kwenye mlima, suluhisho la haraka la mafundi wengi ni kuitoa thamostati na kuitupa. Injini haichemki tena, mteja anafurahi. Lakini thamostati ndiyo inayoibakiza injini kwenye joto lake, kwa magari mengi kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye redieta tangu sekunde ya kwanza, injini haifikii joto la kazi, na kompyuta inaendelea kuamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa. Haitaanza vipimo. Mafuta yatalika zaidi, moshi utakuwa mzito, na unaweza kuzunguka wiki nzima bila alama moja kubadilika.

Fielder moja iliyoletwa kwenye gereji pale viwandani Nakuru ilikuwa hivyo. Ikiwa imesimama, skana ilionyesha nyuzi 82. Ilipotolewa barabarani na upepo ukaanza kuipiga redieta, namba ikashuka: 75, 70, 64. Fundi akazima skana. "Mama, hii gari ilikuwa na thamostati?" "Fundi wa kwanza aliitoa. Alisema inazuia maji." Thamostati mpya ikafungwa na gasketi yake, kulanti ikajazwa, hewa ikatolewa kwenye mfumo, na vipimo vikaanza kukamilika kimoja baada ya kingine.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Asubuhi gari likiwa baridi, washa injini na uguse bomba la juu la redieta. Likianza kupata joto polepole pamoja na injini tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Likikaa baridi kwa dakika kadhaa kisha likapashika kwa ghafla, inafanya kazi. Angalia mikono isikaribie mikanda na feni, na kifuniko cha redieta usikifungue injini ikiwa na moto.

Kama gari lilikuwa linachemka kweli, tafuta chanzo: redieta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji, au kifuniko cha redieta kisichoshika presha. Hicho cha mwisho hupuuzwa sana. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikwa na kifuniko hicho. Ukijaza maji matupu na kifuniko kimechoka, gari litachemka tu, na fundi ataitupa thamostati isiyo na kosa.

Betri isiguswe

Tangu siku utakayofuta misimbo baada ya matengenezo mpaka siku ya ukaguzi, betri isichomolewe. Kama betri ni mbovu, badilisha kabla hujaanza. Wapo wenye swichi ya siri ya kuzuia wezi inayokata umeme wote usiku, na wapo wanaochomoa kituo cha betri kila jioni kwa sababu alamu au redio inaimaliza. Gari la namna hiyo linaanza upya kila asubuhi. Tafuta fundi wa umeme ashughulikie kinachonyonya betri, kisha urudi kwenye vipimo.

Mafuta: nusu tanki, wala si shingoni

Kama gari lako lina kipimo cha mvuke wa petroli, kiasi cha mafuta kina maana kubwa. Kompyuta nyingi hukataa kupima tanki likiwa chini ya asilimia 15 au juu ya asilimia 85. Mtu anayetia ya shilingi mia tano asubuhi na mia tano jioni, mshale ukiwa umelala kwenye nyekundu siku zote, hatakikamilisha kipimo hiki maishani. Anayemwambia mhudumu wa kituo ajaze mpaka petroli ionekane ana tatizo lingine: mafuta ya ziada huingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke na kuliharibu. Jaza mpaka nusu au robo tatu. Pampu ikijikata, basi. Kaza kifuniko cha tanki mpaka kilie, na utazame mpira wake kama umepasuka.

Mwinuko nao una kauli yake. Kanuni za Marekani zinawaruhusu watengenezaji kusitisha vipimo kadhaa gari likiwa juu ya takriban mita 2,440. Kisumu iko karibu mita 1,130, Nakuru na Eldoret ziko chini ya kikomo hicho, lakini barabara ya Timboroa inapita mita 2,700 na Molo nayo iko juu ya kikomo. Kwa hiyo safari ya Nakuru kwenda Eldoret, ingawa ni ndefu, si mahali pazuri pa kutegemea kipimo cha mvuke kikamilike. Chagua njia ya chini.

Jambo jingine kuhusu mvuke: baadhi ya Toyota hupima tanki gari likiwa limezimwa, saa tano hivi baada ya kuegeshwa. Kulilaza gari usiku kucha bila kuliwasha ni sehemu ya kazi.

Safari yenyewe

Gari lilale angalau saa nane. Kompyuta hulinganisha joto la maji ya injini na joto la hewa, na zikikaribiana ndipo inakubali kwamba hii ni safari iliyoanza baridi. Ndiyo maana alfajiri ni bora kuliko adhuhuri, hasa Kisumu, ambako gari lililoegeshwa juani mchana linaweza kuwa na joto lililozidi kiwango cha kipimo.

Washa bila kukanyaga mafuta. Liache likinguruma dakika mbili au tatu, gia ikiwa huru au kwenye kuegesha. Hita za sensa za oksijeni hupimwa hapo, kwa hiyo tabia ya kuwasha na kuondoka papo hapo haisaidii.

Ondoka taratibu. Pita mjini kwa mwendo wa kawaida kwa dakika kumi hivi, ukisimama na kuondoka, mpaka joto lifike kwenye kiwango chake na litulie. Mtu mwingine akikaa na simu akakusomea skana ni vizuri zaidi. Usiitazame mwenyewe ukiendesha.

Kisha unahitaji barabara ya kukaa kwenye mwendo mmoja. Shika kilomita 80 kwa saa, mguu umetulia kwenye mafuta, kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Katalisti hupimwa hapa: kompyuta hulinganisha sensa ya mbele yake na ya nyuma yake. Katalisti nzima hutuliza mabadiliko, kwa hiyo sensa ya nyuma huonyesha mstari uliotulia wakati ya mbele inapanda na kushuka. Zote mbili zikicheza pamoja, katalisti imekwisha, au ilishatolewa ndani na kuuzwa kwa ajili ya madini yake ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Hili la mwisho limewapata watu wengi walioacha gari gereji siku mbili.

Baada ya hapo, ondoa mguu kwenye mafuta na uliache gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka kilomita 30 hivi kwa saa, bila breki kama usalama unaruhusu, na gia ikiwa imeingia. EGR hupimwa wakati huu. Rudia mara tatu au nne: panda taratibu mpaka 80, tulia, achia.

Nakuomba usipige free. Kuweka gia huru kwenye mteremko hakukamilishi kipimo hiki, na wala hakuokoi mafuta kama watu wanavyoamini, kwa sababu gari la injekta likiteremka na gia ndani hukata petroli kabisa. Isitoshe, mteremko wa Sachangwan na Salgaa umeshaua watu wengi kwa magari yaliyoachiwa hivyo.

Njia ninazozipendekeza

Kwa aliye Nakuru, barabara ya Mogotio kuelekea Marigat ndiyo bora kuliko zote. Ina magari machache, inashuka polepole kutoka mwinuko wa Nakuru, na kuna vipande virefu vya kushika mwendo mmoja na vya kuachia gari lipungue lenyewe. Ukivuka alama ya ikweta pale Mogotio, injini imeshapata moto wa kutosha. Njia ya Gilgil inafaa pia, lakini malori hukulazimisha kubadilisha mwendo kila mara, na karibu na Kikopey watu hukata kona ghafla kuingia kwenye nyama choma.

Kisumu, chukua uwanda wa Kano: Nyamasaria, Ahero, mpaka Awasi. Ni tambarare na iko chini. Shida ni matuta na bodaboda, ndiyo maana nasema Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia ya kupanda Kiboswa kwenda Kakamega haifai kwa mwendo mmoja, ila ukirudi, mteremko wake ni mzuri kwa kipimo cha kuachia. Kwa walio Bungoma na Webuye, barabara ya kuelekea Malaba inatosha. Jihadhari tu na trela za miwa, hasa zisizo na taa.

Barabara ya vumbi yenye mashimo usiitegemee. Petroli ikitikisika ndani ya tanki hukatisha kipimo cha mvuke, na mtikisiko hufanya kompyuta isitishe kipimo cha kumisi.

Ukirudi, soma skana kabla ya kuzima injini, uandike kilichobaki. Kwa kawaida hita na sensa za oksijeni hutangulia, katalisti hufuata, na mvuke huja mwisho kabisa. Lilaze gari, urudie alfajiri nyingine. Magari mengi yenye afya humaliza ndani ya siku chache za kuendeshwa hivi kwa kuchanganya na safari za kawaida.

Dizeli

Orodha ni tofauti: presha ya tabo, EGR, kichujio cha masizi, sensa za ekzosi. Kichujio huhitaji safari ndefu yenye mzigo kidogo ili kijichome na kujisafisha, kwa hiyo mwendo wa barabara kuu wa dakika ishirini au zaidi ni muhimu kuliko kusimama na kuondoka. Pikapu nyingi za zamani hazina vipimo hivi. Kwa hizo, badilisha chujio la hewa, pima injekta, na utazame rangi ya moshi ukikanyaga.

Kipimo kimoja kikigoma

Baada ya alfajiri kadhaa, kimoja bado hakijakamilika na hakuna msimbo. Usikifuatilie kwa kubahatisha vipuri.

Kikiwa cha katalisti, anza na joto la injini, halafu uvujaji wa ekzosi kabla ya sensa. Fundi azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache injini ikiwa baridi na inanguruma, asikilize kama pumzi inatokea kwenye gasketi. Tazama pia marekebisho ya muda mrefu ya mafuta kwenye skana. Yakizidi asilimia 10 juu au chini, kuna hewa inayoingia isikotakiwa, au petroli haifiki inavyotakiwa.

Kikiwa cha EGR, mara nyingi vali imejaa masizi. Itolewe, isafishwe, ifungwe na gasketi mpya. Kikiwa cha mvuke, rudi kwenye kiasi cha mafuta, kifuniko, na mabomba ya mpira juu ya tanki ambayo panya na jua huyamaliza. Gereji yenye mashine ya kupuliza moshi kwenye mabomba itaona tundu kwa dakika chache.

Kama taa ilikuwa imewaka na umeshatengeneza, huna lazima ya kufuta. Kompyuta huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zilizofaulu, na alama za vipimo vilivyokwisha kukamilika hazipotei. Na baadhi ya magari ya kuanzia 2010, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yana misimbo ya kudumu ambayo hata skana haiwezi kuifuta; gari lenyewe huiondoa likishajipima na kufaulu.

Vipimo vikikamilika, weka miadi ya ukaguzi kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen kama hujafanya hivyo. Siku yenyewe endesha dakika ishirini kabla ya kufika ili katalisti iwe na moto, usioshe injini asubuhi hiyo, chomoa skana, na ukiwa kwenye foleni ndefu ya Nakuru au Kisumu washa injini tena dakika chache kabla zamu yako haijafika.